Ufa Ulio Chini ya Rangi

Liko swali moja ambalo kwa sura ni la mafundi tu, lakini kwa kweli lamgusa kila mtu mwenye dhamiri. Mtu akivunjikiwa na kitu alichokiunda kwa mikono yake mwenyewe, akakitengeneza tena peke yake, nyumbani kwake, pasipo jicho la mtu mwingine, je, ana deni gani, na deni hilo ni kwa nani? Leo twataka kulipima swali hili kwa mfano wa motokaa, kwa sababu motokaa haijui kusamehe. Maneno matamu hayaiponyi, wala nia njema haiizuii kuteleza.

Katika nchi ya Uingereza iko desturi ya siku nyingi ambayo kwetu ni adimu. Mtu hununua motokaa ikiwa vipande vipande: fremu ya chuma, bodi, magurudumu, usukani, waya za umeme na makasha ya nati na skrubu. Kisha huiunganisha mwenyewe nyumbani, katika banda la kuwekea gari, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Mashuhuri kati ya motokaa za namna hiyo ni Lotus Seven, iliyoanza kuuzwa mwaka 1957 na kampuni ya Colin Chapman. Siku zile serikali ya Uingereza ilitoza kodi kubwa kwa motokaa iliyokamilika, bali vipande havikutozwa kodi hiyo. Basi mwenye mfuko mwepesi na mikono hodari alinunua vipande. Nafuu hiyo ilikoma mwaka 1973, utaratibu wa kodi ulipobadilishwa, na mwaka huohuo haki ya kuitengeneza Seven ikapita kwa kampuni ya Caterham. Nafuu ilikwisha, lakini desturi haikufa. Watu walikuwa wamekwisha kuonja furaha ya kusema: hii nimeiunda mimi.

Sasa na tumwazie mtu mmoja wa nchi ile. Hatumpi jina, maana ni wa mfano tu. Kazi yake ni ukarani, lakini moyo wake uko kwenye spana. Majira mawili ya baridi ameyamaliza akiunda motokaa yake, na mwanawe wa miaka kumi na minne akimshikia taa na kumpa vifaa. Ikamalizika, ikakaguliwa, ikasajiliwa. Siku moja ya mvua, katika kona, ikamteleza ikagonga ukuta wa mawe kwa upande wa mbele wa kushoto. Yeye hakuumia. Motokaa ikarudishwa nyumbani juu ya tela: pua yake ya faibaglasi imepasuka, madigadi yamevunjika, mkono unaoshika gurudumu umepinda, na mabomba mawili ya fremu yamekunjamana kama bua lililokanyagwa.

Watu wa bima wakaja kuitazama. Huko Uingereza, tangu Oktoba mwaka 2017, motokaa zilizoharibika ambazo bima haikuona faida ya kuzitengeneza hugawanywa kwa herufi nne. A ni ile isiyofaa kitu, yote isagwe. B yaweza kutolewa vipuri, ila bodi yake isirudi barabarani kamwe. S ni ile iliyoumia katika mifupa yake, na N ni ile iliyoumia mahali pengine. Hizi mbili zaweza kutengenezwa zikatembea tena. Motokaa ya mtu wetu ikapewa herufi S. Akakubali fidia iliyopungua, akabaki nayo, akaisukuma ndani ya banda, akawasha taa.

Hapo ndipo swali letu linapoanza. Sheria imemwambia: waweza kuitengeneza. Namna atakavyoitengeneza, kila jioni, kila bomba, kila nati, sheria haiji kusimama naye. Ukaguzi wa kwanza ulifanyika kabla ya ajali. Haukuliona bomba lililokunjamana baadaye. Uko pia ukaguzi wa kila mwaka kwa motokaa zilizopita miaka mitatu, lakini mkaguzi huyo haruhusiwi kufungua na kubomoa. Hutazama yanayoonekana tu. Yaliyofunikwa ayajua yule aliyeyafunika.

Tuseme kwanza kazi iliyo njema hufanywaje, maana hatuwezi kuhukumu tusichokijua. Fundi mwangalifu haanzi na pua iliyopasuka, ingawa ndiyo inayomchoma macho. Huanza na fremu. Huiweka motokaa juu ya vigingi imara, imelala sawasawa, kisha huteremsha timazi kutoka pembe zinazojulikana, na kila timazi inapogusa sakafu hutia alama ya chaki. Akiisha, huisogeza motokaa kando, akapima kutoka alama ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kutoka ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, fremu imepinda, hata kama jicho lasema ni nzima. Chaki na uzi havina urafiki na mtu.

Tena fundi huyo ajua tabia ya chuma. Chuma kikisukumwa kidogo hurudi mahali pake. Kikisukumwa kupita kiasi hakirudi. Bomba lililokwisha kukunjamana laweza kugongwa kwa nyundo likaonekana limenyooka, lakini nguvu yake ya kwanza haikurudi pamoja na sura yake. Kwa hiyo hulikata, akaweka bomba jipya la unene uleule, akalichomelea. Mkono wa gurudumu uliopinda haunyoshi. Huutupa, akanunua mwingine. Vipande vya usukani vilivyopata pigo pia hubadilishwa. Mkanda wa usalama uliomzuia mtu wakati wa ajali hautumiki tena, maana nyuzi zake zimevutika zikifanya kazi yake. Penye shaka ya ufa mwembamba hupaka dawa nyekundu inayopenya, akaifuta, kisha akapaka dawa nyeupe juu yake. Ufa ukiwapo, mstari mwekundu hujitokeza. Hata faibaglasi huihoji: huigongagonga kwa sarafu, na pale sauti inapokuwa butu, ajua kwamba matabaka yameachana ndani, ijapokuwa nje hakuna mchubuko. Ndipo husugua hata afikie palipo pazima, akatandika upya matabaka ya nyuzi za kioo pamoja na gundi yake, moja baada ya jingine.

Yote haya ayaweza mtu wa kawaida mwenye subira. Basi shida iko wapi? Shida iko ndani ya fundi mwenyewe, nasi twaona mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni sura. Rangi mpya hufurahisha upesi kuliko bomba jipya. Jirani akipita atasema, “Ahaa, imekuwa kama haijaguswa!” wala hatainama kutazama chini. Kwetu pia, chini ya miembe ya kila mji, twaona magari yaliyogongwa yakinyoshwa, yakipigwa puti, yakisuguliwa msasa na kupakwa rangi hata yakang’aa. Kazi hiyo si mbaya. Mafundi wale wengi ni hodari na waaminifu, na riziki yao ni ya jasho. Lakini puti ni ya kujaza bonde dogo la sura, haikuwekwa kubeba mzigo. Anayeitumia kuficha chuma kilichopasuka amemwandikia uongo mtu atakayepanda.

Mtego wa pili ni uchovu. Usiku umekuwa mwingi, vidole vina baridi, fedha zimepungua, na imebaki pembe moja isiyoonekana. Moyo wanong’ona: “Itashika.” Ndugu wasomaji, tulitazame vizuri neno hilo “itashika”. Anayelisema kwa sababu amepima, asema kweli. Anayelisema kwa sababu amechoka, ameweka rehani maisha asiyoyamiliki.

Mtego wa tatu ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa umevaa nguo za wema. Ni mapenzi ya mtu kwa kazi ya mikono yake. Mtu wetu hakununua motokaa ile dukani. Kila nati aikumbuka. Kumwambia kwamba fremu yake haifai tena ni kama kumwambia kwamba majira yale mawili ya baridi pamoja na mwanawe yamepotea bure. Kwa hiyo, bila kukusudia udanganyifu wowote, atapima mara mbili, na kipimo kilicho kibaya atakiita kosa la kupima, na kilicho kizuri atakiita kweli. Wahenga wetu walilijua jambo hili walipokwenda kuwamba ngoma: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Si kwamba mwambaji ni mwizi. Ni kwamba amekaa upande mmoja wa ngoma, na mikono yake huvuta kuelekea huko alikokaa.

Labda mtu atasema twamwonea mpenda kazi wa nyumbani, na kwamba wenye vyeti hawakosei. La hasha. Hukosea nao, na makosa yao hufichika vilevile. Tarehe 2 Juni 1978, huko Japani, ndege kubwa iliburuza mkia wake ilipokuwa ikitua Osaka. Ukuta wa nyuma, ule unaozuia hewa ya ndani isitoke, uliharibika, ukatengenezwa na mafundi wa kampuni iliyoiunda ndege yenyewe. Lakini bamba la kuungia halikuwekwa ilivyoagizwa. Lilikatwa vipande viwili, hata mstari mmoja wa ribiti ukabeba mzigo uliopaswa kubebwa na miwili. Ndege ikaruka tena. Iliruka na kutua zaidi ya mara 12,000, na kila safari ikachosha chuma kidogo. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ule ulipasuka angani, ndege ikaanguka mlimani. Watu 520 walikufa. Wanne tu walipona.

Hatukuleta habari hiyo ya msiba ili kuwatisha watu, wala hatusemi kwamba motokaa ndogo ni ndege. Twaileta kwa sababu yaonyesha mambo mawili ambayo fundi wa nyumbani hana budi kuyajua. La kwanza, kazi mbaya ya kutengeneza yaweza kukaa kimya miaka saba. Kwamba motokaa imetembea salama mwaka mzima si ushahidi kwamba ilitengenezwa vema. Pengine ufa ungali ukitembea nao. La pili, wale walioketi ndani ya ndege ile hawakuwa na njia yoyote ya kujua. Walimwamini mtu wasiyemwona kwa kazi wasiyoweza kuiona. Ndivyo ilivyo kwa kila abiria wa kila chombo.

Hapa twafika kwenye hoja ambayo watu wengi huiona kuwa nzito: “Motokaa ni yake, banda ni lake, maisha ni yake. Akitaka kujihatarisha, nani amzuie?” Twajibu kwamba hoja hii ingekuwa na nguvu kama motokaa ingebaki bandani. Lakini haikutengenezwa ibaki humo. Siku itakapotoka, itakutana na mwanamke anayevuka na kapu lake, na mtoto wa shule juu ya baiskeli, na dereva wa lori asiyejua lolote juu ya bomba lile la kushoto. Hao hawakuulizwa. Hawakukubali hatari hiyo wala hawatapata sehemu ya furaha yake. Mtu ana haki ya kucheza na mali yake. Hana haki ya kuchezea mali na maungo ya wengine na kuita mchezo huo uhuru.

Na kabla ya hao wote yuko mtu wa karibu zaidi. Uingereza, kama kwetu, dereva hukaa kulia. Pigo la ukuta lilikuwa upande wa mbele wa kushoto. Nani atakaa kushoto? Ni yule kijana aliyeshika taa. Siku ya kwanza ya jua atakuja mbio, ataruka ndani, atafunga mkanda bila kuuliza neno, kwa sababu baba ndiye aliyetengeneza. Imani ya namna hiyo ni heshima kubwa kuliko cheti chochote. Na kwa sababu hiyo hiyo ni mzigo: anayeaminiwa bila kuulizwa yampasa ajiulize mwenyewe maswali yote ambayo yule mwingine hakuuliza.

Je, basi twasema mtu asitengeneze kitu kilichovunjika? Hatusemi hivyo hata kidogo. Dunia ya leo ina haraka ya kutupa. Kitu kikikwaruzwa, watu hutaka kingine. Nyumba ambamo baba na mama hukarabati, hushona, huunga na kuchomelea, huwafundisha watoto kwamba kuvunjika si mwisho, na kwamba mikono ina akili yake. Mtu wetu akiirudisha motokaa yake barabarani kwa haki, atakuwa amefanya jambo jema, na mwanawe atakuwa amejifunza mengi kuliko alipoitazama ikiundwa mara ya kwanza. Kwa maana kuunda kwahitaji ustadi, lakini kuunda upya kwahitaji ustadi pamoja na kukiri kosa.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la kwanza ni hili. Deni la anayetengeneza ni ukweli juu ya yale atakayoyafunika, na adai wake ni kila mtu atakayekiamini chombo kile bila kuweza kukifungua. Deni hilo halilipwi na cheti, kwa sababu cheti hakioni yaliyofunikwa. Wala halilipwi na dhamiri ya mtu mmoja peke yake, hata ikiwa safi, kwa sababu dhamiri hiyo nayo yavuta ngozi upande wake. Lahitaji vyote viwili, na kitu cha tatu: jicho la mtu mwingine, lililoitwa mapema.

Twasema mapema, maana hapo ndipo ilipo tofauti. Watu wengi humwita rafiki baada ya kupaka rangi ili asifu. Fundi mwenye haki humwita kabla ya kupaka rangi ili apinge. Amwite mchomeleaji mzoefu angali mabomba ni meupe na viungo viko wazi. Ampe uzi na chaki apime mwenyewe, asimwambie vipimo alivyovipata jana. Aseme: “Nionyeshe nilipokosea.” Mgeni huyo akisema fremu haifai, na asikilizwe, ijapokuwa ni uchungu. Fremu nyingine yaweza kununuliwa. Usukani, magurudumu na injini vyaweza kuhamia humo, na majira yale mawili ya baridi hayatakuwa yamepotea. Tena kila hatua na ipigwe picha na kuandikwa katika daftari: bomba gani lilikatwa, lini, na nani aliyelitazama. Siku motokaa itakapouzwa, daftari hilo liende pamoja na ufunguo. Mnunuzi akiondoka kwa kuliona, aende kwa amani. Bei iliyopunguzwa na ukweli ni halali kuliko ile iliyoongezwa na kimya.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hawakumaanisha kuupaka ufa chokaa. Na walisema tena, mficha maradhi kifo humwumbua. Mtu aweza kuyaficha maradhi ya chombo chake kwa jirani, kwa mkaguzi, na kwa mnunuzi. Hatayaficha kwa barabara yenye mvua na kona.

Nasi tusio na motokaa za kujiundia, tusidhani kwamba mfano huu haututazami. Seremala anayeunga mguu wa kiti kilichovunjika, mwashi anayepiga lipu juu ya ukuta uliopasuka, fundi umeme anayezungushia utepe waya uliochubuka na kuurudisha darini, wote wako katika banda lilelile, chini ya taa ileile. Kila mmoja atafika kwenye saa ile ambapo kazi yaweza kuonekana imekwisha kabla haijakwisha. Saa hiyo, tafadhali, asipake rangi kwanza. Afungue mlango, amwite mtu wa kutazama.